Naenda Lamu kuangalia nakshi za zamani: nianze makumbusho au niingie mitaani moja kwa moja?

Fundi wa Chumbageni

Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala hapa Tanga, kazi yangu kubwa ni milango na vitanda vya kuchonga. Kuna mteja ameniagiza mlango wa pande mbili kwa ajili ya nyumba yake mpya, akanitumia picha kwenye simu na kusema anataka "kama huu wa Lamu". Picha yenyewe imepigwa kwa mbali. Ua lililo kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, linaonekana umbo lake tu; patasi imeshuka kina gani, au ukingo umelazwa au umesimama, huwezi kujua. Nakshi ukiichonga kwa kuangalia picha inatoka kama muhuri, haina uhai.

Nimeamua kwenda mwenyewe. Nitapita Lungalunga, nilale Mombasa, kesho yake nipande basi la Mokowe, gati la kuvukia Lamu. Nakwenda na kijana wangu ninayemfundisha kazi, nataka naye aone. Fedha za kukaa muda mrefu sina.

Sasa rafiki yangu mmoja ananiambia makumbusho ya Lamu nisipoteze muda nayo, ni ya watalii, milango yote iko nje mitaani na kuitazama ni bure. Mwingine anasema nikikosa makumbusho nimekosa kila kitu. Waliofika wanisaidie: kuna nini mle cha kumfaa mtu wa mbao? Wanaruhusu kukaa na daftari ukachora? Na hizo nyumba za watu, nikisimama mlangoni na futi ya kupimia, si nitaonekana mwizi?

Mzee wa Kibokoni

Fundi, kwa kuwa unalala Mombasa, usiondoke bila kuingia Ngome ya Yesu asubuhi. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, na ndani yake kuna makumbusho yenye vyungu, vyombo vya China na vitu vilivyotolewa kwenye ile meli ya Santo António de Tanna iliyozama hapo mbele mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa. Kuna na ukuta ambao Wareno waliuchora meli na watu kwa mikono yao, umehifadhiwa. Ipo pia Nyumba ya Waomani, hiyo uiangalie vizuri.

Ukitoka, teremka Ndia Kuu polepole. Milango ya Mji wa Kale wa Mombasa imechanganya mikono mingi, Waswahili, Waarabu, Wahindi, na hiyo itakusaidia kuona Lamu wamefanya nini tofauti. Basi la Mokowe lakini huondoka mapema, kwa hiyo ngome uiweke siku ya kufika, si siku ya kuondoka.

Mwana Amu

Fundi, karibu mno kwetu. Nimezaliwa mtaa wa Mkomani, nimefundisha shule ya msingi hapa Amu, ndivyo tunavyoiita Lamu, mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilikuwa nikiwapeleka watoto makumbusho na daftari zao. Kwa hiyo swali lako limenigusa, nitalijibu kwa urefu, univumilie.

Anza makumbusho. Sababu ni hii: ukiingia mitaani moja kwa moja utaona milango mingi mizuri, lakini hutajua upi ni wa miaka mia moja iliyopita na upi umechongwa juzi karibu na hoteli. Tangu mji wetu uingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 nyumba nyingi zimefanyiwa matengenezo, na mafundi wetu wanachonga kila siku. Kuna wazuri sana, na kuna wanaoharakisha. Mlango wa zamani nao pengine umepakwa mafuta mara nyingi hata nakshi imezibwa, au kizingiti cha juu ni cha kale na mbao za chini ni mpya. Jicho lisilozoea linayachukua yote sawasawa. Ukikaa makumbusho kwanza, jicho linazoea mkono wa wazee, halafu mitaa yenyewe itakufungukia.

Makumbusho yako mbele baharini, nyumba kubwa nyeupe yenye baraza, ya mwisho wa karne ya 19. Wakubwa wa serikali ya Kiingereza walikuwa wakiishi humo, na tangu miaka ya 1970 mwanzoni ni makumbusho, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Si jumba kubwa, na hilo ni zuri kwako. Usitembee ukasoma kila kibao. Nenda moja kwa moja kwenye siwa, zile baragumu kubwa za heshima.

Siwa ni mbili. Moja ya shaba, ya Amu, na nyingine ya pembe za ndovu, ya kisiwa cha Pate. Zinakadiriwa kuwa za karne ya 17 au karibu na hapo. Hazipulizwi mwishoni kama tarumbeta, tundu la kupulizia liko ubavuni. Zilikuwa za mji, na bila siwa harusi ya waungwana haikuwa harusi. Zilitoka kwa tohara, kwa kutawazwa mkubwa, na asiyekuwa na haki hiyo hakupewa hata akiwa na mali. Ile ya shaba imemiminwa kwa nta: fundi anaunda umbo kwa nta na kuifinika kwa udongo, nta ikayeyuka, shaba ikaingia mahali pake. Nakshi yote aliitia kwenye nta, laini, kabla ya moto. Ile ya pembe haina nafasi ya namna hiyo. Imechongwa, na kosa moja la chombo haliwezi kurudishwa. Inapita urefu wa mtu mzima.

Wewe na kijana wako simameni hapo mpaka watu wengine wawapite. Angalia mikanda ya nakshi inavyozunguka, kamba zinapita juu na chini ya wenziwe bila kupotea. Fundi hakujaza kila mahali. Ameacha sehemu tupu, laini, kisha mkanda, kisha tupu tena, na zile sehemu tupu ndizo zinazoifanya nakshi ionekane. Hili ndilo ninalotaka ulichukue kwa mlango wa mteja wako. Milango mingi ya siku hizi imechongwa kutoka pembe hadi pembe, hakuna pumzi, kwa sababu mnunuzi anahesabu maua. Wazee walijua kunyamaza kwa patasi.

Kisha nenda kwenye samani. Kiti cha enzi ukikitazama kwa macho ya seremala utakaa nacho: mbao nyeusi, mgongo ulionyooka, mahali pa kuweka miguu, vipande vya kusuka kwa kamba, na vipande vyeupe vya pembe au mfupa vimepachikwa kwenye mti kwa usahihi ambao mimi sikuwahi kuuona kwa fundi wa leo. Mwambie kijana wako akichore kiti kwa ubavu, si kwa mbele. Ubavuni ndiko viungo vinapoonekana.

Mtepe nao usiukose. Ni mfano mdogo wa chombo, lakini kila kitu kipo: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, hakuna msumari, na tanga lake ni mkeka wa mraba. Mitepe iliundwa hukuhuku visiwani kwetu, na waliopasua mbao zake na kuzitoboa matundu ni mafundi wa visiwa hivihivi vyenye milango. Mtu anayeweza kulinganisha matundu ya mbao mbili zilizopinda, maji yasipite, mfaa ulionyooka kwake si kazi.

Kuna na mavazi, kuna vyombo vya fedha, kuna shiraa, lile vazi la bibi zetu lililokuwa kama hema, lenye miti ya kulishikilia juu ya kichwa. Wasichana niliowapeleka walikuwa wakisimama hapo kuliko pengine popote. Kwa kazi yako lakini pita tu.

Ukitoka hapo, kata tikiti ya Nyumba ya Kiswahili, nayo ni ya makumbusho, ndani mtaani. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyorudishwa ilivyokuwa. Kwa nje hakuna kitu, ukuta wa mawe ya matumbawe, mtupu. Unaingia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, halafu kiwanda, ua lililo wazi juu, halafu misana, vile vyumba virefu vya kukaa, halafu ndani, chumba cha faragha, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo nakshi inavyoongezeka, mpaka ukuta wa zidaka, vishubaka vya ukutani, ambao wote ni chokaa iliyokatwa. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko, na boriti haiongezeki. Fundi alijua mipaka yake tangu msituni. Chooni kuna birika, na chini ya birika mna bakuli la China, ambamo samaki wadogo waliwekwa wapate kula viluwiluwi vya mbu.

Kwa nini nakupeleka kwenye chokaa wewe ni mtu wa mbao? Kwa sababu ni michoro ileile. Ukingo wa kidaka na ukingo wa mlango vimetoka kichwa kimoja, ila chokaa inakatwa ingali mbichi, chombo kinateleza, na kwa hiyo mistari yake ina wepesi fulani. Mlango bora wa Amu una wepesi huo ingawa ni mti mgumu. Nilikuwa nikimpa kila mtoto kidaka kimoja tu akichore, basi. Waliochora kimoja walikumbuka kuliko waliozunguka nyumba nzima.

Kuhusu kuchora: kalamu ya risasi na daftari hakuna aliyewahi kunikataza mimi wala watoto wangu. Kupima au kugusa ni jambo jingine. Andika barua fupi kwa msimamizi kabla hujaja, jitambulishe kuwa ni fundi kutoka Tanga, useme unataka kuona nini. Mtu wa kazi anapokelewa tofauti na mpita njia. Raia wa Afrika Mashariki mna kiingilio chenu, kwa hiyo njooni na vitambulisho.

Na mitaani, fundi, piga hodi. Ndiyo yote. Mlango wa mtu ni uso wa nyumba yake, haupimwi kimyakimya. Mwenye nyumba akitoka, msalimie, mwambie kazi yako na unakotoka. Wengi watakuonyesha hata wa ndani.

Mtoto wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Nami nichangie kwa upande wa Unguja, maana naona hatari hapa. Fundi, kabla hujafunga safari muulize mteja wako vizuri, kwa sababu watu wengi wakisema "mlango wa Lamu" wanakusudia mlango wetu. Kama picha aliyokutumia ina njumu, yaani misumari ya pambo, kubwa za shaba na sehemu ya juu ni ya upinde, huo ni wa Unguja au umefuata Unguja. Milango ya upinde ilishamiri kwetu zama za Seyyid Barghash, 1870 hadi 1888, na mkono wa mafundi wa Kihindi umo ndani yake. Kabla ya hapo hata yetu ilikuwa na kizingiti kilichonyooka.

Jambo la pili. Mimi sikubaliani sana na Mwana Amu, pamoja na heshima zote. Siwa iliyofungiwa kwenye kabati la kioo ni kitu kilichokufa. Ilitengenezwa ipulizwe harusini, watu waisikie na wajue nani anaoa. Sasa imekaa, inatazamwa na mtu aliyekata tikiti. Fundi ataelewa zaidi akikaa nusu siku kwenye karakana ya mchongaji aliye hai kuliko mbele ya kioo.

Mwana Amu

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Mkunazini. La njumu umesema kweli na nimefurahi umelisema, fundi azingatie.

La siwa, nalielewa, maana hata mimi natamani ningeisikia. Lakini fikiria ingekuwa wapi. Miaka ile utalii ulipoanza kuja, nyumba za Mkomani zilikuwa zikivunjika, na wanunuzi walikuwa wakipita wakiuliza viti, vitanda, mabakuli ya zidakani, milango pamoja na miimo yake. Familia zilikuwa na shida, ziliuza. Sizilaumu. Vitu hivyo sasa viko katika nyumba za watu nchi za mbali, hatutaviona, na wanaovimiliki pengine hawajui hata vilitoka mtaa gani. Kilichoingia makumbusho kiko hapa, na mtoto wa Langoni au wa Pate anaweza kukiona na kuambiwa hiki ni cha kwenu. Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006 imekuja kuzuia vitu hivyo visitoke, lakini sheria inalinda kilichobaki tu.

Na karakana sikumkataza. Aende. Ila aende baada ya makumbusho, akiwa na maswali. Ukimuuliza mchongaji "niambie nakshi za Amu" atakuonyesha anachouza. Ukimuuliza "kwa nini ule ukingo wa kidaka umelazwa hivi na wako umesimama?" ataweka patasi chini azungumze nawe.

Tena kuna mtu nilitaka kumtaja mwanzo nikapitiwa. Muhamadi Kijuma wa hapa Amu, aliyefariki 1945. Alikuwa mshairi, alikuwa mwandishi wa khati aliyenakili tenzi kwa herufi za Kiarabu, wataalamu wa Ulaya wakaziagiza kwake na kuzihifadhi, nyingine ziko London mpaka leo. Na mtu huyohuyo alikuwa mchongaji wa milango. Kalamu na patasi katika mkono mmoja. Ukijua hivyo, ukiona herufi zimechongwa kwenye kizingiti hutaziona kama pambo lililobandikwa. Ziliandikwa na mtu aliyejua uzito wa kila mkunjo. Wengi wa mafundi wa leo hunakili herufi wasizozisoma, na inaonekana.

Fundi wa Chumbageni

Shikamoo Mwalimu, na asanteni wote. Nimemrudia mteja. Picha haina njumu wala upinde, kizingiti kimenyooka, na nakshi ni za maumbo ya pembe pembe, mistari mifupi, zimetiwa nyekundu na nyeusi. Sijawahi kuchonga namna hiyo. Nilidhani rangi imepakwa na mtu baadaye.

Kingine ni mti. Mteja anataka mbao nyepesi kwa sababu ya bei. Mimi nilikuwa nafikiria mvule.

Mwana Amu

Marahaba, mwanangu. Umenipa habari nzuri sana! Rangi hiyo haikupakwa baadaye. Huo ni mkono wa Wabajuni na wa Siyu, kisiwa cha Pate: nakshi haishuki kina, inakatwa juujuu kwa maumbo ya jometri, na mikato inajazwa rangi, nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ni namna ya zamani na inachongwa na wachache. Kwa hiyo safari yako imebadilika. Lile ulilolitaja mwanzo kuhusu kina cha patasi linakuhusu kidogo sasa. Kinachokuhusu ni mpango wa mraba na nafasi. Namna hii ukipotoka unywele mmoja kwenye mraba wa kwanza, kosa litakuwa limekua mpaka mraba wa mwisho, na rangi italitangaza. Chora kwanza kwenye karatasi yenye miraba, mlango mzima, ndipo ushike chuma.

Ukiweza, fika Siyu. Mji ule ulikuwa wa mafundi: waliochonga, walioshona viatu vya ngozi, walionakili misahafu na kuitia nakshi kwa wino wa rangi. Ukiona ukurasa wa msahafu wa Siyu utaelewa mlango wa Siyu, rangi ni zizohizo na mikanda ni ileile. Ngome yao ya karne ya 19 ingalipo. Ni mji mdogo sasa, watu ni wapole, na wazee watafurahi fundi akija kuuliza kuhusu kazi.

Kwa mti, mvule ni mzuri. Mbao nyepesi mkataze mteja, kwa sababu kwenye mti mlaini mikato ya juujuu huchanika pembeni na rangi ikavuja kwenye nyuzi za mti. Ulizia mbambakofi pia, wazee waliutumia na unahimili chumvi ya bahari.

Panga hivi: siku ya kwanza makumbusho asubuhi na Nyumba ya Kiswahili kabla ya adhuhuri, maana mwanga wa kiwandani ndio mzuri wakati huo. Mchana pumzikeni. Alasiri pitieni Mkomani kwa miguu. Ngome yetu ya 1821 iko kwenye uwanja mkuu, ilikuwa gereza mpaka 1984, ingieni kama mna nafasi, kwa nakshi haina mengi. Ijumaa usiiweke siku ya kupiga hodi za watu. Siku ya pili Siyu. Boti hupita mlango wa bahari wa Mkanda, na Mkanda hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo shuka gatini jioni ya kabla na umuulize nahodha saa ya kuondoka, na saa ya kurudi pia.